Maoni ya Karani wa Shehia

Bahasha imefika Jumanne kutoka Wizarani:
kurasa thelathini na nane, muhuri wa zambarau,
na kikaratasi kimebanwa juu kwa pini,
"Shehia zote zitoe maoni kabla ya mwisho wa mwezi."
Sheha kanisukumia. "Wewe Asaa ndiye unayejua maneno yao."

Nimesoma. Kiswahili chake kimepigwa pasi,
kikanyooka mpaka humuoni mtu ndani ya shati.
Ukurasa wa sita: "Wahamiaji washirikishwe kikamilifu."
Nikatafuta hicho kikamilifu kinaanzia wapi
hapa kwetu Mtambwe, mlango gani, saa ngapi.

Basi haya ndiyo maoni yangu.

Nyanzala Masunga alikuja msimu wa karafuu,
mwaka ule matawi yalipokatika kwa uzito
tukaita watu bara kwa simu, kwa jamaa wa jamaa.
Alilipwa kwa pishi. Alianguka mara moja, mkono ukavimba,
kesho yake akachuma kwa mmoja.
Karafuu zikesha, wenzake wakapanda boti.
Yeye akabaki na sufuria ya uji na mimba.

Tunasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe tulimpa, tena upesi.
Kuhusu siku ya nne methali imenyamaza.
Naandika kutokea siku ya nne, waheshimiwa,
na huu ni mwaka wa kumi na moja.

Mtoto wake, Kombo, jina tulimpa sisi.
Kazaliwa zahanati niliyozaliwa mimi,
pengine kitanda kilekile, maana hakijabadilishwa.
Akikasirika hutukana matusi ya Mtambwe hasa, si ya Wete.
Skuli wamemwandika "mgeni".

Tuna daftari la maziko.
Kila mwezi Nyanzala huleta elfu mbili, hajakosa.
Majina yetu yote yako kwa wino.
Lake liko pembeni, kwa penseli,
kama hesabu ambayo mtu atairudia.
Penseli ni yangu. Mwandiko ni wangu.

Siku moja nikijaza fomu yake ya ukaazi nikamuuliza,
"Unarudi lini?"
Fomu haina swali hilo.
Akatazama viganja vyake. "Wapi?"

Nina shangazi, Mize, alivukia Vanga
kabla mimi sijazaliwa. Akaolewa huko, akazaa huko,
wanawe wakazeekea kwenye mabenchi ya kusubiri kipande.
Barua yake moja mama kaifunga kwenye pembe ya kanga,
nimeisoma hadi mikunjo imetoboka:
"Hapa wananipenda sana, ila hawaniandiki."

Mzee Faki Mbarouk kaomba niandike na la kwake:
kisiwa kidogo, ardhi haizai ardhi, madawati hayatoshi.
Naliandika, ni kweli, hayatoshi.
Kombo yuko sakafuni. Na mjukuu wa Faki yuko sakafuni, pembeni yake,
wanagawana kalamu moja.

Kwa hiyo ukurasa wa sita urekebishwe.
Liondoeni hilo neno refu.
Wekeni: akifariki mtu usiku, nani atakwenda kumgongea mlango?
Wekeni masufuria ya mtaa, ayaazime
bila kutafuta wa kumdhamini.
Kama hamjui vifungu vya mambo haya vinaandikwaje,
hata mimi sijui. Lakini mimi silipwi kwa kujua.

Jana usiku nilichukua kalamu ya wino,
nikapita juu ya penseli, herufi kwa herufi.
Kwenye "Masunga" mkono ulitetemeka, pana doa.

Leo asubuhi kaja na elfu mbili zake.
Kaliona jina, kalitazama kitambo,
asante hakusema. Kauliza:
"Sasa zamu yangu ya kupika kwenye maziko ni lini?"

Sikuwa na jibu.
Swali nimeliambatanisha.